Mume wangu hataki tung'oe nanga, na mimi siwezi kuing'oa

Shangazi shikamoo,

Mi ni mama wa watoto wawili, binti ana miaka 13 na mdogo wake wa kiume ana 8, tunaishi kwenye mashua ya tanga pamoja na baba yao na sa hivi tumetia nanga kwenye visiwa vya matumbawe mbali sana huku kusini mwa ikweta kwenye Bahari ya Hindi, vile visiwa vidogo vilivyojipanga duara alafu katikati kuna maji matulivu. Hakuna mtu anayeishi hapa. Hakuna zahanati, hakuna mnara wa simu, bandari ya karibu ni mwendo wa siku na usiku kadhaa, hii barua naituma kwa intaneti ya setilaiti watu wamelala.

Pazuri shangazi, nisije nikaonekana mtu asiye na shukrani. Huyu mdogo aliyekuwa hawezi kukaa na kitabu, sa hivi ana daftari zima la ndege na samaki aliowaona, anajua mpaka kasa yupi anatokeza kichwa wapi kila jioni. Binti alikuja huku kanuna lakini akapata rafiki wa rika lake kwenye mashua ya familia nyingine iliyokuwa jirani yetu, wakawa hawaachani, mchana kuogelea jioni kukoka moto ufukweni. Na mume wangu ndo usiseme, mtu aliyekuwa anaamka kashika kichwa kwa mawazo ya kazi sasa analala fofofo na anacheka na wanawe. Kwa hiyo nikisema tuondoke najua nawavunja moyo watu watatu kwa mpigo.

Tatizo ni kwamba tulishakubaliana, kabla hata hatujafika, kuwa mwezi wa kumi ukianza tunaondoka kwa sababu ya msimu wa vimbunga. Mwezi wa kumi umeshaanza. Mashua zingine zimeondoka mojamoja, ile ya rafiki yake binti yangu ndo ilikuwa ya mwisho na mtoto alilia mpaka nikaogopa. Tumebaki peke yetu na mume wangu hataki hata kusikia hiyo habari. Anasema huku tuko karibu na ikweta vimbunga havifiki, samaki wapo nazi zipo, mashine ya kuchuja chumvi inatupa maji, kisiwa chenyewe hakina mwenyewe, nani atatufukuza. Nikiendelea kusema ananijibu nahodha ni mimi, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzijuzi aliugua homa kali na mgongo nao ukambana, akawa hawezi hata kukaa kitako. Usiku mmoja ukaja upepo wa ghafla na mvua kutoka upande ambao kwa kawaida hauvumi, mashua ikageuka, mnyororo wa nanga ukawa unasaga kwenye jiwe huko chini, mlio wake unapanda mpaka kitandani, na kila wimbi likija omo, yani mbele ya mashua, inavutwa chini kwa kishindo. Nikatoka peke yangu na tochi. Nyuma yetu nilikuwa nauona ule weupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba. Nikasimama mbele ya winchi ya nanga, ile mashine ya kuvutia mnyororo, ambayo sijawahi kuiendesha hata mara moja, siku zote ni yeye, mi kazi yangu ni kushika usukani anaponiambia kushoto kulia. Ananielekeza kwa kupiga kelele kutoka ndani na mimi simsikii kwa upepo. Ulitulia wenyewe kabla ya alfajiri. Mume wangu sasa kapona, ananiambia si unaona, hamna kilichotokea.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Alafu mdogo alijikata mguu kwenye matumbawe na kidonda kinakataa kufunga, kila siku anarudi majini kwa vile baba yake anasema maji ya chumvi ni dawa. Naomba uniambie kweli shangazi, mi ni muoga? Nimlazimishe vipi mtu huyu bila kuharibu walichokipata huku? Kuna usiku nawaza mashua yoyote ikipita nipande na wanangu tumuache na kisiwa chake.

Mama wa watoto wawili, nangani

JIBU

Marahaba mwanangu,

Kabla ya habari ya mume wako, mguu wa mtoto. Maji ya chumvi ya kwenye matumbawe si dawa ya kidonda cha matumbawe. Matumbawe ni viumbe hai, yakikukata yanaacha vipande vidogo sana na ute wake ndani ya nyama, pamoja na vijidudu vilivyoko kwenye maji hayohayo, na kwenye joto na unyevu wa huko mchubuko mdogo unaweza kugeuka donda ndugu. Kesho asubuhi kioshe kwa maji ya kunywa na sabuni, maji mengi, kisha sugua taratibu kwa shashi safi mpaka uchafu wote utoke, atalia, mshike na uendelee, paka dawa ya kuua vijidudu, kifunge kikae kikavu na baharini haingii mpaka kipone. Alafu chukua kalamu uchore kwenye ngozi mpaka wa wekundu ulipoishia. Wekundu ukivuka huo mstari, au ukiona mchirizi mwekundu unapanda mguuni, au mtoki, au homa, hapo anahitaji antibayotiki na daktari ndo aseme ipi na kiasi gani kwa uzito wa mtoto. Na kwa vile umesema kimekataa kufunga, mi nisingesubiri hizo dalili, hiyohiyo intaneti uliyotumia kuniandikia mpigie daktari kesho umuonyeshe picha.

Sasa swali lako. Muoga si wewe. Umesimama usiku kwenye mashua yenye watu wanne, mwamba nyuma, na mtu mmoja tu anayejua kuiondoa yuko kitandani na homa. Mtu asiyeogopa hapo hajaelewa alichokiona. Ila nimeisoma barua yako mara mbili na naona nyie mnabishana kukaa au kuondoka, wakati kuna jambo limetangulia hilo: mashua yenu ina nahodha mmoja. Hata mkiondoka kesho mkaenda kutia nanga sehemu yenye zahanati na majirani, siku yule bwana akiteleza akaanguka mko palepale. Kwa hiyo dai lako la kwanza kwake lisiwe tuondoke. Liwe nifundishe, na tunaanza kesho.

Na usifundishwe kwa kuangalia. Asubuhi yenye hali nzuri yeye akae, mikono asiguse kitu, wewe uwashe injini, uende omo, uendeshe winchi, uvute mnyororo, uzunguke, utie nanga tena sehemu nyingine yenye mchanga. Rudieni mpaka uwe unafanya bila kumuangalia usoni. Winchi ikikosa umeme kuna mpini wa mkono, ujue uko wapi na unaingiaje. Na zaidi ya yote ujue kuachia. Ule usiku unaweza kuja ambao kuvuta nanga haiwezekani kabisa, mnyororo umezunguka jiwe, hapo unafunga boya kwenye mnyororo, unauachia wote uende, unaondoka na roho za watu, nanga mtarudi kuizamia jua likitoka. Hilo linawezekana tu kama mwisho wa mnyororo huko ndani umefungwa kwa kamba ndefu inayofika mpaka juu ya sitaha, ambayo unaweza kuikata kwa kisu. Mashua nyingi umefungwa kwa pingu ya chuma, na usiku kwenye dhoruba hakuna anayefungua pingu yenye kutu. Angalieni ya kwenu leo.

Ule mlio wa kusaga uliousikia una maelezo yake. Kwenye maji ya namna hiyo chini kuna mchanga lakini juu ya mchanga yamesimama mawe ya matumbawe, mashua ikigeuka na upepo mnyororo unajizungusha kwenye jiwe na unakuwa mfupi. Umetoa mita nyingi lakini zinazofanya kazi ni chache, ndo maana omo ilikuwa inavutwa chini. Tena hayo matumbawe yanavunjika, kitu kilichochukua miaka mingi mno kukua kinasagwa usiku mmoja, na hilo linaniuma. Wasafiri wa visiwa hivyo wanafunga maboya kwenye mnyororo kila baada ya mita kadhaa ili uelee juu ya mawe, sehemu ya mwanzo iliyo karibu na nanga ndo inalala mchangani. Na hesabu yake uijue wewe mwenyewe: chukua kina, ongeza urefu wa omo kutoka majini, ongeza maji yatakavyojaa, kisha zidisha kwa 5, upepo mkali hata 7. Kina mita 12, omo 1, maji kujaa 2, hiyo ni 15, mnatoa mita 75 na si 36 kwa sababu mtu kazidisha kina kitupu kwa 3. Kila mkitia nanga mmoja azame na miwani aione imeingiaje, na huyo mmoja awe wewe mara nyingine. Mnahitaji pia kamba ya nailoni inayonyumbulika kati ya mnyororo na mashua, ndo inayopokea kile kishindo badala ya winchi.

Tuje kwenye vimbunga, maana hapo mume wako ana nusu ya ukweli. Ni kweli karibu kabisa na ikweta vimbunga ni nadra, ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo ujizungushe ni dhaifu mno ndani ya takriban nyuzi 5 za latitudo kutoka ikweta. Lakini muulize mko nyuzi ngapi. Upande wa kusini magharibi wa Bahari ya Hindi msimu unahesabiwa kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Aprili, na bahari haisomi kalenda, kimbunga Hidaya kilikuja Mei 2024, msimu umeshaisha, kikafika mpaka Mafia ambayo iko karibu nyuzi 8 kusini. Mwaka 2019 mwezi wa nne kimbunga Kenneth kilizaliwa kaskazini mwa Madagascar kikapita Komoro kikaenda kuipiga Msumbiji.

Tena mi hata nisingebishana naye juu ya vimbunga. Ningemuuliza upepo. Mlitia nanga hapo kwa sababu kusi ilikuwa inavuma na visiwa viko upande wa kusi, vinawakinga. Kusi ikichoka, na inachoka kuanzia hiyo miezi mliyomo, huku kusini ya ikweta upepo unaanza kuja kutoka magharibi na kaskazini magharibi, na ile kona iliyokuwa kinga inakuwa mtego, upepo unapita katikati ya maji yote ya ndani ukijenga mawimbi na mwamba uko nyuma yenu. Ule upepo wa usiku uliokuja kutoka upande usio wa kawaida ndo sura ya miezi inayokuja. Hilo ni jambo mtu wa tanga anaelewa, na hatalisikia kama woga wa mke. Kimbunga hata kikipita mbali sana kinatuma mawimbi makubwa, yanaruka juu ya mwamba yanajaza maji ndani, na maji yote hayo yanatafuta kutokea kwenye ule mlango wa mwamba mlioingilia, unakuta mkondo unatoka kwa nguvu hata saa ambayo maji yanatakiwa kujaa. Siku hiyo hamtoki. Mtakuwa mmefungiwa.

Kwa hiyo jifunze pia njia ya kutoka. Kuna mstari mliouacha kwenye skrini ya ramani wakati wa kuingia, hakikisha umehifadhiwa na upo kwenye simu yako pia. Ramani za visiwa hivyo nyingine zimepimwa zamani sana na zinakosea, macho ndo ya kuaminiwa: jua liwe juu na mgongoni kwako, miwani ya kuzuia mng'ao, buluu nzito ni kina, kijani cheupe ni mchanga na maji mafupi, kahawia au njano ni jiwe. Unapita maji yakisimama. Binti wa miaka 13 mpandishe omo awe macho yako, anaweza kabisa, na mfundishe usukani pamoja na wewe. Redio ya mashua, chaneli 16 ya kuitia msaada, inafika karibu tu, na nyie sasa hamna jirani, kwa hiyo wote wanne mjue kuwasha kile kifaa cha dharura cha megahazi 406 kinachozungumza na setilaiti, hata mdogo aonyeshwe. Ila wanaopokea ishara ya kifaa hicho wapo mbali, na meli ya kuwafikia inaweza kuchukua siku, kwa hiyo msikihesabu kama mbadala wa nahodha wa pili.

Hilo la samaki wapo pia nataka umwambie. Samaki wakubwa wa kwenye mwamba, chewa, mkunga, mzia, wanaweza kuwa na sumu ya siguatera, inatoka kwenye vijimea vidogo sana vinavyoota juu ya matumbawe na inapanda kutoka samaki mdogo kwenda mkubwa anayemla. Haionekani, hainuki, kupika hakuiui na kugandisha hakuiui. Kwenye kisiwa chenye watu unawauliza wavuvi wapi hawali samaki, nyie hapo mtamuuliza nani. Inaanza na kutapika na kuhara, kisha ganzi mdomoni, na kitu baridi mtu anakisikia kinaunguza. Na kibaya ni kwamba inaangusha wote waliokula sahani moja kwa siku moja, sasa fikiria nani atashika usukani. Vueni nje ya mwamba, jodari wa bahari kuu wako salama zaidi kwa hilo, chewa mkubwa muacheni akae.

Na hiyo ya kisiwa kutokuwa na mwenyewe hapana kabisa. Kila kisiwa kina serikali na kina historia. Pale Chagos, visiwa vya katikati ya Bahari ya Hindi, watu walihamishwa kwa lazima kati ya 1967 na 1973 ili pajengwe kambi ya jeshi Diego Garcia, makaburi ya wazee wao yamebaki, na kwa miaka mingi wenye mashua walikuwa wanapewa kibali cha siku 28 tu wakati wenye asili ya pale walikuwa hawaruhusiwi kurudi kuishi. Mtu mwenye bahati ya kuwa mgeni sehemu kama hizo aangalie tarehe ya kibali chake na aondoke ikifika. Bima nayo isomeni, nyingi zinaacha kulipa mashua ikikutwa ndani ya eneo la vimbunga wakati wa msimu.

Namna ya kuongea naye. Mchana, watoto wako ufukweni, tumbo limeshiba. Usianze na wewe umevunja ahadi hata kama ni kweli. Muulize hivi: usiku ule ungetaka nifanye nini, hatua kwa hatua? Mwache ajibu, andika anayosema mbele yake. Akifika pale asipokuwa na jibu atapaona mwenyewe. Kuhusu nahodha ni mimi, mjibu kwa heshima lakini mjibu. Jiwe likiwa mbele na sekunde zimebaki, amri ni moja na watu wanatii, hilo sawa. Kukaa au kuondoka kwenye kisiwa na watoto wawili si amri ya nahodha, ni neno la baba na mama, na mlishalisema. Kisha muulize kitu kingine, anaogopa nini huko mnakokwenda. Mtu aliyeanza kulala baada ya miaka ya kushika kichwa nadhani anaogopa kurudi kule, na kama ndo hivyo mna mazungumzo makubwa zaidi ya nanga, anahitaji kusikia kwako kwamba kuondoka hapo si lazima iwe kurudi kwenye maisha yaleyale. Mwambie pia kwamba umeona anavyocheka.

Wekeni tarehe, ndani ya mwezi huu, kusi ingali ina nguvu ya kuwasukuma. Matenki yajazwe maji sasa mashine ingali nzima. Wazo la kupanda mashua ya wengine na watoto usilitumie kumtishia, lakini pia sikukatazi. Kama atakataa kukufundisha na tarehe ikapita huku anakujibu kwa amri, hapo hana hoja tena na wewe una watoto wa kuwaweka salama, mjulishe waziwazi kwamba utatafuta namna, na ufanye.

Binti mwachie kazi moja ambayo ni yake peke yake. Kila jioni mkiwa njiani atume ujumbe kwa mashua ya rafiki yake, mlipofika, upepo ukoje, wote hamjambo, na wale wazazi wakubaliane na nyie kabla hamjatoka kwamba jioni mbili zikipita bila ujumbe wenu, wao ndo wanaita waokoaji na kuwapa namba ya kifaa chenu, rangi ya mashua na mahali mliposema mpo mara ya mwisho.